Msimamizi wa Ghala na Mtegemezi Wake

Kwa miaka kumi na tisa Dobi alifua mashuka ya hospitali. Jina lake la kuzaliwa mtaani walishalisahau, na hata karani wa mishahara alimwita hivyo hivyo, Dobi, njoo utie sahihi. Kazi yenyewe si ya kumsimulia mtu aliye mezani. Mashuka yalishuka kutoka wodini yakiwa mafundo mafundo. Aliyafungua, akatenga ya damu na ya mkojo, akayaloweka kwenye masinki ya saruji yenye dawa ya madoa, ndipo yakaingia kwenye mashine, siku ambazo mashine ilikuwa nzima. Ile dawa ilimla vidole mpaka kucha mbili zikakataa kuota tena. Alijikaza kisabuni, kama wasemavyo watu ambao sabuni ile hawajawahi kuigusa.

Sasa ungemuuliza mtu yeyote mtaani Dobi anaishi kwa nani, angekujibu bila kufikiri: kwa mwanawe, yule Msimamizi. Walipanga vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji watano na ua mmoja. Mwenye nyumba akija tarehe moja, Msimamizi ndiye aliyetoka uani, akahesabu noti za kodi mbele za watu, akapokea risiti, akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati. Mama yake husimama mlangoni akiwachekea majirani. "Mwanangu kashaniambia nipumzike," husema, "ila mimi ndiye mbishi. Najishughulisha tu."

Neno hilo, kujishughulisha, liliwabeba miaka miwili mizima. Ukweli ni kwamba ghala la unga alilosimamia kijana lilifungwa asubuhi moja bila hata barua, na wafanyakazi wote thelathini wakamwaga unga. Watu wangecheka mpaka basi kwa hilo kama wangejua. Hawakujua. Ghala lilikuwa upande wa pili wa mji, ng'ambo ya reli, na Msimamizi hakuacha kupiga pasi shati lake kila alfajiri, kulifunga vifungo mpaka cha shingoni, na kutoka saa moja kasoro robo. Alikokwenda, mama hakuuliza. Siku moja akitoka kazini alimwona kwa mbali kwenye benchi la stesheni akisoma gazeti, na gazeti lenyewe la juzi. Dobi akageuza njia, akazunguka mitaa mitatu asionane naye.

Mshahara wake aliutia kwenye bahasha, na bahasha akaiweka chini ya pasi. Asubuhi bahasha haipo. Hawakuwahi kusemezana juu yake hata neno moja, wao wenyewe kwa wenyewe, mlango umefungwa. Walikuwa wanakufa na tai shingoni, tena tai moja kwa shingo mbili. Usimcheke mama huyu. Mwezi ule ghala lilipofungwa, kijana alilala siku tisa ameutazama ukuta, na siku ya kumi mama alipokagua suruali kabla ya kuifua alikuta mfukoni pakiti ya sumu ya panya. Nyumba ile haikuwa na panya. Aliimwaga chooni, akamwaga na maji ndoo mbili. Tangu hapo alikuwa na hofu moja tu duniani, asimpoteze mwanawe, na alishaona kwamba kinachomwamsha kitandani ni lile shati na lile jina.

Jumapili moja akaja binti wa takwimu na kompyuta ndogo ya mkononi. Alisema serikali inataka kujua hali ya fedha za kaya, yaani watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, kwamba kwa sasa wanalijaribu tu dodoso, na kwamba jina la mtu haliandikwi. Wakaketi uani, maana vyumbani hapakuwa na viti vitatu. Kinyozi, jirani wa mlango wa pili, alikuwa akimnyoa mteja pembeni, mkasi umesimama hewani ili asikose neno.

"Mkuu wa kaya ni nani?" binti aliuliza.

"Mimi," akasema Msimamizi.

"Kazi yako?"

"Msimamizi wa ghala. Ghala la unga."

"Na mama?"

"Mama yuko nyumbani."

Binti akavitazama vidole vya Dobi. "Mama, kweli hakuna kazi yoyote unayofanya?"

"Najishughulisha tu, mwanangu. Huyu ndiye ananilisha, huyu ndiye ananivisha."

Binti akatafuta kwenye kioo chake, akapandisha, akateremsha. Palikuwa na mwajiriwa, mfanyabiashara, mkulima, mwanafunzi, mgonjwa, mtegemezi. Anayejishughulisha hakuwapo. Akabonyeza mtegemezi.

"Ukimaliza hapo uje kwangu," kinyozi akapaza sauti. "Mimi ni mkuu wa kaya ya kunguni!" Ua mzima ukacheka, na Dobi akacheka kuliko wote.

Wiki tano baadaye tangazo lilibandikwa ukutani kwa ofisi ya mtaa. Wananchi wanaalikwa kutoa maoni kuhusu rasimu ya dodoso la hali ya fedha za kaya, kwa maandishi ndani ya siku thelathini, au kwa kufika kwenye mkutano Jumamosi saa nne. Wakuu wa kaya wanaombwa sana wahudhurie. Watu walisoma, wakaulizana kama kuna posho. Msimamizi alisoma mara mbili, akaenda kufua shati.

Mkutano ulikuwa darasani. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Msimamizi alikaa mstari wa mbele, mama yake nyuma kabisa na wanawake. Afisa wa takwimu hakuwa mtu mbaya, hilo niliseme mapema. Alitokwa jasho, alijifuta, alimkaribisha kila mtu. Binti yule yule aligawa karatasi. Maoni yalianza taratibu. Mwanamke muuza mkaa akasimama. "Mnauliza kwa mwezi natumia kiasi gani. Mimi mwezi sijawahi kuuona. Mimi naona siku. Niulizeni jana nilikula nini, nitawajibu." Watu wakapiga makofi, afisa akaandika.

Kisha afisa akataka kuonyesha ni wapi dodoso lao lilikwama. Akachukua karatasi.

"Nitawapa mfano kutoka majaribio yetu hapa hapa. Jina silitaji, siri ya mwananchi tunaitunza." Akakohoa. "Kaya ya watu wawili. Mkuu wa kaya, mwanamume, miaka thelathini na minne, msimamizi wa ghala. Mtegemezi, mama yake. Sasa tulifuatilia. Ghala hilo lilifungwa miaka miwili iliyopita. Lakini kodi ya nyumba inalipwa kila mwezi, watu wanakula, hawadaiwi dukani. Swali letu kwenu wananchi: pesa inatoka wapi? Dodoso liulizeje ili tuijue?"

Jina kweli hakulitaja. Masikini, alidhani msimamizi wa ghala ni kazi tu. Vichwa vyote darasani viligeuka kwenye ile shingo ya mstari wa mbele, iliyofungwa kifungo cha juu.

Kinyozi akapiga mluzi. "Miaka miwili! Na kila asubuhi anatupita hapa kama waziri!"

"Anakwenda wapi basi?" sauti ikauliza.

"Na ile pampu ya maji iliyoibiwa?" akasema mwingine.

"Mwezi ule ule mimi nilipoteza mtungi wa gesi!"

Vijana waliokuwa wameegemea madirishani wakasimama wima. Afisa alipiga meza, akasema jamani, jamani, huu ni mfano tu, na hakuna aliyemsikia. Msimamizi hakugeuka. Alikuwa ameishika karatasi yake ya maoni kwa mikono miwili. Mtu mmoja akalitamka lile neno, mwizi, kwanza kwa utani, na mwingine akalirudia bila utani. Dobi alijua neno hilo humfanya nini mtu. Mashuka ya waliopigwa mitaani kwa neno hilo yalipita mikononi mwake, na mengine hayakutakata.

Akasimama. Alijua vizuri kwamba anamwokoa huku na kumuua kule. Lakini vijana walishafika mlangoni.

"Hela ni zangu!" akapaza sauti. "Nafua mashuka ya hospitali, mwaka wa kumi na tisa huu. Kodi nalipa mimi. Chakula mimi. Namwekea chini ya pasi, yeye anampelekea mwenye nyumba. Mwanangu hajaiba kitu cha mtu. Hana kazi. Ndiyo hivyo. Hana kazi, basi!"

Kinyozi aliangalia viatu vyake.

Afisa ndiye aliyemjibu, Mungu amsamehe, kwa furaha. "Mama, wewe ungependa dodoso liulizeje?"

"Mnaanza kuuliza nani mkuu," akasema. "Mtu atajibu nini mbele za watu? Anzeni na nani alikwenda kazini wiki hii. Ukubwa mtaujua baadaye."

"Maoni mazuri sana," afisa akasema huku akiandika. "Haya ndiyo tuliyoyafuata. Tumpigie mama makofi."

Wakapiga. Wakapiga kwa nguvu, kama watu wanaoosha mikono, na yule aliyeanza kusema mwizi alipiga kuliko wote. Katikati ya makofi hayo Msimamizi aliinuka, akaweka karatasi yake juu ya dawati, haikuwa na neno hata moja, akamfuata mama yake nyuma na kumshika mkono kumsaidia kutoka kwenye dawati.

Njiani walitembea pamoja. Walipofika kwenye mtaro karibu na nyumbani ndipo aliposema.

"Ungewaacha tu, mama."

"Wangekuua."

"Najua," akasema. Hakuwa na hasira. "Ungewaacha."

Jumatatu alipiga pasi shati, akalifunga mpaka kifungo cha shingoni, akatoka saa moja kasoro robo. Hakurudi. Bahasha ya mwezi ule ilibaki chini ya pasi, na ya mwezi uliofuata ikawekwa juu yake. Dobi alikwenda stesheni, akakaa kwenye lile benchi mpaka walipofagia. Alikwenda polisi, wakamwuliza kama ana picha. Kazini, kila asubuhi kabla ya kufungua mafundo, alipita kwanza mochwari, na mlinzi wa pale alishazoea, akimwona tu anatikisa kichwa. Alirudi akashika mashuka. Uani kodi sasa alilipa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na majirani walimpisha kwa heshima ambayo hakuihitaji.

Kisha dodoso kamili likaja, na binti wa takwimu akagonga. Safari hii hawakukaa uani. Dobi alimkaribisha ndani, viti viwili vilitosha.

"Tumelibadilisha, mama," binti alisema kwa sauti ya chini. "Swali la kwanza sasa ni lile lako." Akalisoma: ndani ya siku saba zilizopita, nani katika kaya hii alifanya kazi ya kipato.

"Mimi."

Akaandika. Kodi, maji, sabuni, dawa. Dobi alijibu kila kitu kwa ukweli, hata vile vya kuona haya. Hakuwa na cha kuficha tena. Binti akafika ukurasa wa mwisho.

"Kuna mtu ambaye kwa kawaida anaishi hapa, ila kwa sasa hayupo?"

"Yupo. Mwanangu."

"Katoka muda gani?"

"Kwani muda una nini?"

Binti alisita. "Aliyezidisha miezi sita hahesabiwi, mama. Nikiandika saba, kompyuta inamtoa yenyewe kwenye kaya. Inabaki na mtu mmoja."

Dobi akageukia ukutani. Shati la pili la mwanawe, lililobaki, lilikuwa limetundikwa pale, limepigwa pasi Jumapili hiyo, kama Jumapili zote. Siku alizihesabu bila kalenda. Zilikuwa miezi saba na siku kumi na moja.

"Mitano," akasema.

Binti alikuwapo siku ile darasani, yeye ndiye aliyegawa karatasi, na majirani walishamsimulia ya Jumatatu iliyofuata, hivyo tarehe aliijua. Akainama juu ya kioo chake, akaandika mitano.