Mkono Begani mwa Bhoke

Siku ile sikuwa nimeonja pombe, sikuwa na homa, na jua lilikuwa bado linawaka. Nayasema haya mapema kwa sababu najua mtakavyoniuliza.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nilizaliwa Issenye, nikamaliza kidato cha nne, na tangu hapo natembea na daftari nikichora nyumba za zamani kabla hazijabomolewa, na watu wake. Saa kumi jioni nilifika kwenye nyumba moja ya udongo pale Nyamisangura, bati lake jekundu kwa kutu. Uani mwanamke kijana alikuwa anapukuchua mahindi. Nyuma yake, kwenye kigoda, alikaa bibi mwenye masikio yaliyotobolewa na kuvutwa kama walivyofanya wa zamani.

"Shikamoo," nikamwamkia bibi.

Yule kijana akacheka. "Shikamoo mimi? Nimezeeka lini, kaka?"

Bibi hakuitikia. Nikadhani hasikii. Nikaomba kuwachora.

"Chora. Ila usininenepeshe, mimi Bhoke, watasema namaliza mali za watu."

Bibi akanyoosha mkono, akamwekea Bhoke begani, akatulia. Nimechora watu wengi. Hukohoa, hujikuna, hufukuza nzi. Huyu, niamini, hakupepesa jicho saa nzima. Bhoke ndiye aliyekuwa akijinyoosha.

"Hili bega leo lina nini? Zito kama nimebeba debe la maji."

Nilipomaliza nikampa daftari. Ungo ukamponyoka, mahindi yakatawanyika.

"Mama umemjulia wapi?"

"Si huyo nyuma ya—"

Kigoda kilikuwa kitupu.

Walimzika mwezi wa pili, akaniambia. Bibi huyo ndiye aliyemwoa. Kwa Wakurya, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, ili watoto wa binti wawe wake na boma lisife. Waliopeleka ng'ombe, mashahidi wa ndoa hiyo, wote walishakufa. Sasa watoto wa shemeji ya marehemu walidai Bhoke alikuwa mtumishi tu wa kupika uji. Jumamosi wazee wa ukoo wangekaa, na yeye na mwanawe wangetolewa kwenye nyumba.

Ungefanya nini wewe? Nilikwenda kikaoni na daftari langu.

Mzee mkubwa wa ukoo alilisogeza daftari karibu na macho. Akautazama ule mkono muda mrefu. Kidole cha mwisho hakikuwepo. Nilichora nilichokiona, bila kufikiri.

"Alikikata kwa panga akiwa msichana," akasema. "Ulimwona wapi?"

"Uani, mzee. Juzi."

Mzee akalifunga daftari.

"Mtumishi hashikwi hivi. Bhoke anabaki."

Mmoja wa wale waliodai nyumba alifungua mdomo kubisha. Ghafla akajishika bega, akaufunga.

Bhoke yuko pale hadi leo. Mimi ndiye ambaye sikutoka salama. Mwezi uliopita, Mugumu, nilichora fundi cherehani na mkewe barazani. Fundi alipoiona picha akaniuliza: huyu wa tatu, aliyesimama dirishani, ni nani?

Kwa hiyo wewe unayependa kuchora, au hata kupiga picha kwa simu, kwanza muulize mwenyeji: hapa mko wangapi? Akikutajia idadi ndogo kuliko unayoiona, funga daftari, waage wote kwa heshima, hata yule asiyehesabiwa, na uondoke.