Pilau ya Kutwa ya Mawaleh

Saa tisa za alasiri, mwishoni mwa Shaaban, nusu ya Marhoon Suleiman imo ndani ya sufuria. Nusu iliyobaki, miguu na kikoi kilichokunjwa juu ya magoti, iko nje uani kwake Matrah, bandari jirani na Maskati, Omani, inapigwa na jua. Anasugua kwa jivu na maganda ya ndimu, na kila akisugua anaimba, na kila akiimba sufuria inamrudishia sauti yake.

"Basi, utaitoboa," mkewe, Bi Nasriya, anamwambia huku akichagua mchele kwenye ungo. "Shaba hiyo, si jabali."

Marhoon anatoa kichwa. Ana uso wa mviringo, ndevu zilizoanza mvi, na jivu puani. "Nnaisugua ya leo na ya mwakani," anajibu. "Nani ajuaye kama mwakani atakuwepo wa kuisugua?"

Anasema kwa kicheko, lakini kicheko chenyewe hakifiki mbali. Bi Nasriya anainamia mchele wake.

Marhoon ni hamali kwenye forodha ya Matrah. Kutwa anabeba magunia ya mchele na mifuko ya saruji, na mwisho wa mwezi anachopata hakitimii riali kumi na tano. Lakini waulize watu wa vichochoro vya sokoni, hakuna atakayekwambia Marhoon hamali. Watakwambia Marhoon mpishi wa Udugu.

Udugu wenyewe, kwa jina refu, ni Udugu wa Mtendeni. Ulizaliwa Unguja, mtaa wa Mtendeni, na vijana waliokuwa wakicheza mpira pamoja, wakila sinia moja, na kuazimana kanzu siku za harusi. Walikuwa na chumba chao chenye saa ya ukutani na picha za timu. Akifiwa mmoja, wote wamefiwa. Akioa mmoja, wote hawalali.

Mwaka 1964 chumba kile kilifungwa, wenyewe wakatawanyika. Huyu akaangukia Mombasa, yule Dubai, mwengine Kairo. Marhoon na wenzake wachache walishuka Matrah na masanduku ya bati na Kiarabu cha chuo cha Kurani, ambacho sokoni hakikuwafaa hata kwa kununulia chumvi.

"Sisi ni tawi la mti uliokatwa," anasema Marhoon. "Lakini tawi la mrehani, bwana wee, ukilichomeka penye maji linashika."

Likashika. Halikuwa na kibao mlangoni, maana siku hizo vyama havikuwa vitu vya kutangaziwa watu. Wakiulizwa, walisema ni jamaa tu wanaokula pamoja. Lakini familia mpya ikishuka kutoka Unguja, ilikuta mkeka umetandikwa, birika liko motoni, na mtu wa kumpeleka mama wa nyumba sokoni asije akauziwa kitunguu kimoja kwa bei ya kumi. Mgonjwa asiye na mtu hospitalini alipelekewa uji. Maiti asiye na jamaa alioshwa, akasaliwa, akazikwa na watu wasiomjua hata jina.

Na raha pia zilikuwepo. Raha kubwa kuliko zote ilikuwa vunja jungu.

Anayejua Unguja haelezwi vunja jungu. Shaaban ikifika ukingoni, watu hufunga vyakula, wakenda shamba au pwani, wakala, wakaimba, wakaaga starehe za mchana kabla ya mwezi wa toba. Marhoon akianza kuizungumza, humzuii.

"Sisi tukenda Chukwani. Sikwambii! Pilau, mbatata za urojo, maembe ya kuiva na chumvi yake. Marehemu mama akinifungia mkate wa kumimina kwenye kitambaa cheupe, akanambia, 'Usile peke yako, utavimbiwa.' Mpaka leo nikinusa iliki nnakiona kile kitambaa."

Anasugua tena pale palipokwisha kung'aa.

Mwaka 1967 ndugu wa Matrah waliamua na wao wavunje jungu lao. Mmoja wao alikuwa na mjomba mwenye bustani Mawaleh, mbali na mji, penye mitende na ndimu, na mbali pia na masikio ya watu, kwa sababu walitaka kupiga udi na ngoma kidogo. Wakakodi gari la mizigo. Wakaondoka Matrah mchana wa Shaaban ishirini na tisa, wakafika jioni wamechoka na mavumbi, wakalala fofofo chini ya mitende. Siku iliyofuata, kwa hesabu yao, ilikuwa bado ni Shaaban.

Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la watu wa Unguja watupu. Kwao, habari ya mwezi haikutafutwa. Ukikaa barazani ilikujia yenyewe. Palikuwa daima na mtu aliyesikia mzinga, au aliyesikia kwa aliyesikia. Bustanini Mawaleh kila mmoja alidhani mwenziwe ndiye aliyesikia. Mizinga ya Maskati ililia usiku ule, na Maskati ilikuwa mbali.

Asubuhi wakanywa chai na mikate. Marhoon akakaanga vitunguu, akatia nyama, bizari nzima, mdalasini na karafuu alizotumiwa kutoka Mombasa. Suud, katibu wa tawi, kijana mwenye miwani na heshima zake, alikuwa anaonja mchuzi. Harufu ikatembea bustani nzima, ikatoka, ikaingia kijijini.

Ikamleta Bi Shaikha.

Bi Shaikha ni mjane mwenye bustani ya ndimu ya jirani. Alilelewa Wete, Pemba, na Kiswahili chake hakijamtoka, wala ulimi wake haujapata kuwa butu. Alisimama mbele yao na bakora yake, akawatazama mmoja mmoja, kisha akauliza, "Enyi watoto wa watu, nyinyi ni wagonjwa au ni wasafiri?"

Suud, na nyama mdomoni, akajibu kwa adabu zote, "Sisi ni Wazanzibari, bibi."

"Hiyo si ruhusa ya kula Ramadhani," akasema Bi Shaikha.

Marhoon anapolisimulia hili hushika mbavu. Siku ile hakuna aliyecheka. Suud alitema, wengine wakakimbilia maji wakasukutua, mmoja akalia machozi ya kweli. Wageni wa juzi, watu ambao majirani walikuwa bado wanawapima, wamekutwa wanapika pilau mchana wa Ramadhani. Habari ile ingefika Matrah kabla yao.

"Nilitaka kuimwaga," anasema Marhoon. "Nilishaishika sufuria kwa masikio yake. Bi Shaikha akaupiga mkono wangu kwa bakora. Akanambia, 'Chakula hakina kosa. Kosa ni lenu. Kifunike mpaka magharibi, ule na watu.'"

Wakajizuia siku nzima, na ile siku wakaja kuilipa baada ya Idi. Sufuria ikabaki juu ya makaa tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Kila ikikauka Bi Shaikha akaamuru iongezwe maji. Pilau ambayo punje zake zilikuwa zihesabike ikawa bokoboko. Magharibi akawaita watu wake: wakulima, wachunga punda, wajane, watoto. Wakala mpaka wakakwangua ukoko. Kuhusu asubuhi ile hakusema neno, si siku ile wala baadaye. Matrah haikupata kujua.

Ndipo Marhoon alipomuahidi: "Bi Shaikha, nikiwa hai, futari ya kwanza ya kila Ramadhani itapikwa na Udugu, hapa hapa."

Wakaifanya mwaka uliofuata, na uliofuata tena. Na hapa pana jambo linalomkera Marhoon kama mpishi. Watu wa Mawaleh wameshika kwamba pilau ya Unguja ndivyo ilivyo, laini, ya kuteka kwa kijiko. Mwaka wa pili aliwapikia pilau ya haja, imechambuka punje punje. Wakala kwa heshima, kisha wakamuuliza kwa upole kama mwaka huu alikuwa na haraka. Tangu hapo anapika mbili: moja ya kweli, na moja anayoiita ya kutwa.

Mwaka huu wa 1970, hata hivyo, mambo yamegeuka. Tangu Julai, alipoingia sultani mpya, milango imefunguka. Jamaa wanarudi kutoka kila pembe, na kila anayejua kusoma na kuandika anatafutwa kwa mshumaa. Suud amepata kazi ofisini Maskati. Wengine wameingia kwenye mafuta, wengine ualimu. Ni kheri tupu, na Marhoon ni wa kwanza kuwaombea dua.

Lakini Ijumaa iliyopita tawi lilikutana nyumbani kwa Suud, likaamua kwamba safari ya Mawaleh haiwezekani. Futari ya kwanza inaangukia siku ya kazi. Zitapelekwa tende na sukari kwa mkono wa wafanyabiashara. Walikubali wote isipokuwa mmoja.

"Hawakugombana," anasema Marhoon. "Laiti wangegombana! Chama hakifi kwa ugomvi. Kinauliwa na udhuru, udhuru mzuri mzuri, wa watu wazuri."

Anaiweka sufuria chini, anakaa juu ya kibao. Sauti yake inashuka.

"Kule sina nyumba tena, sina mtaa. Mama yuko chini ya udongo wa kule. Lakini nikipika na wenzangu, moshi ukanichoma macho, kwa muda ule mimi niko Mtendeni. Ikiondoka hiyo, nitabaki hamali tu."

"Na mume wangu," anasema Bi Nasriya bila kuinua macho.

"Na mume wako," anakubali Marhoon, na safari hii anacheka kweli.

Jua linazama. Vitunguu vimejaa kapu, lakini Marhoon hagusi kisu. Tangu 1967 hakati kitunguu cha Mawaleh mpaka asikie kwa masikio yake mwenyewe. Amekaa, shingo kaielekeza Maskati. Mzinga unalia. Unalia tena. Bi Nasriya anapiga kigelegele kifupi cha kukaribisha mwezi, na Marhoon anasema, "Haya. Hata kama ni sisi wawili."

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, gari la kukodi linaingia Mawaleh likiwa na dereva, Bi Nasriya mbele, na nyuma sufuria imepinduliwa na Marhoon kaishikilia. Njiani alikuwa anapanga maneno. Anayetimiza ahadi peke yake ana aibu kama aliyeivunja, kwani itambidi aeleze wenziwe wako wapi.

Kabla gari halijasimama, ananusa. Anageuza kichwa, ananusa tena.

Mdalasini. Karafuu.

Chini ya mitende ile ile mafiga yamewekwa, moto uko chini, na juu yake limekaa sufuria la kijiji. Wanawake wa Mawaleh wamelizunguka. Mmoja anaongeza maji. Bi Shaikha amekaa juu ya kigogo, bakora magotini, anasimamia kama amiri.

"Umechelewa," anasema. "Sisi tuko motoni tangu alfajiri."

Marhoon anashuka, anampa mkono. Bi Shaikha anachungulia nyuma ya gari. "Wenzako wako wapi? Wagonjwa au wasafiri?"

"Wana kazi, Bi Shaikha."

"Hiyo haimo," anasema Bi Shaikha.

Kisha anamweleza. Wauza ndimu wake walisikia Matrah kwamba watu wa Udugu wamepata vyeo na mwaka huu huenda wasije. Wanawake wakakaa, wakashauriana, wakasema futari ya kwanza haiwezi kukosa pilau ya Wazanzibari. Kama Wazanzibari hawapo, wataipika wenyewe. Hawakujua kiasi cha bizari, wakabahatisha. Lakini jambo moja walilijua kwa yakini: lazima ikae motoni kutwa nzima.

Marhoon anafunua kifuniko. Imevurugika, imelainika, maji yanachemka juu yake. Mpishi yeyote wa Mtendeni angeficha uso. Marhoon anaitazama muda mrefu, machozi yanamtoka, na wala hasingizii moshi.

"Ndiyo yenyewe," anasema. "Wallahi, ndiyo yenyewe."

Sufuria yake iliyosuguliwa mpaka ikang'aa haipandi motoni siku hiyo. Inapoadhiniwa magharibi anakaa kwenye sinia na wakulima watatu, anafungua kwa tende, kisha anakula pilau ya kutwa kwa kijiko, kama mgeni. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema Waswahili. Jioni hii mtu hawezi kusema nani mgeni na nani mwenyeji.

Wakati wa kuondoka, anamuomba Bi Shaikha kilichobaki. Wanawake wanakimimina ndani ya ile sufuria inayong'aa, kinafunika chini tu. Anapanda nayo gari, anaikalisha miguuni.

Anasema hataitisha mkutano, wala hatamlaumu mtu. Kesho magharibi atapita nyumba moja moja, aanze na ya Suud, na kila mlango atateka kijiko kimoja kwenye sahani. Watakionja, watakijua.

"Nitawauliza moja tu," anasema, na mkono wake umeshika kifuniko kisicheze njiani. "Mwakani, nyinyi ni wagonjwa au ni wasafiri?"