Jebet na Gari Wanamolala Ndama

Fundi Oyugi amelala chali chini ya Land Rover kuukuu, na ndama anamlamba kiatu.

"Huyu naye ni dalali?" anauliza kutoka huko chini.

Jebet, aliyemleta kutoka gereji yake mjini Eldoret, amechuchumaa kando ya gurudumu akingoja kusikia jambo moja tu: anunue au asinunue.

Gari limo zizini kwa Mzee Kibet, nje kidogo ya Cheptiret. Rangi yake ya kijani imebaki vipande vipande. Viti vya nyuma viling'olewa zamani. Mahali pake pametandazwa nyasi, na juu ya nyasi wamelala ndama wengine wawili.

Jebet hupandisha ng'ombe kwa mbegu za kitaalamu, bila dume, na wakulima humwita daktari. Ng'ombe akiwa kwa joto, tayari kupandwa, mkulima humpigia Jebet simu. Anafunga mtungi wa mbegu nyuma ya pikipiki na kuondoka Yamumbi, anakoishi katika chumba cha kupanga. Akichelewa, joto huisha, na mkulima hungoja wiki tatu nyingine.

Mvua ndefu ya mwaka jana ilimwangusha kwenye matope. Mkono wake uliovunjika ulipona. Mbegu zilizomwagika hazikufaa tena, na wateja kadhaa wakahamia kwa mwenzake mwenye gari.

"Walidhani nimeacha kazi," anasema. "Sijaacha. Nilikuwa nimekwama."

Ameweka akiba ya shilingi laki mbili na nusu, za kuanza msingi wa nyumba. Mzee Kibet anataka laki mbili.

"Hii gari haijanyeshewa miaka kumi," mzee anasifu, akigonga boneti kwa fimbo.

Oyugi anajiburura nje. Mkononi ana kipande cha chuma kinachomeguka kama biskuti. Injini ni nzima, anasema, ameizungusha kwa hendeli. Lakini chasisi imekwisha kwa kutu huku nyuma.

Jebet anafunua nyasi zilizolowa, kisha anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Mzee, haijanyeshewa. Imekojolewa."

Mama Chepkirui, mke wa mzee, anakamua hatua chache kutoka hapo. Yeye hacheki. Anamkumbusha Jebet kwamba ndama wao wa kwanza wa mbegu alikufa kwa nimonia, na ni Jebet aliyewaonya wasiwalaze tena wengine kwenye upepo.

"Si ulisema mahali pakavu, hakuna baridi? Tukaangalia boma lote, tukaona ni gari. Sasa unataka kuichukua. Watalala wapi?"

Tangu wakati huo hakuna ndama aliyekufa katika boma hili. Ushauri wake uliwaokoa, na huo huo ukalila gari.

Oyugi anamvuta kando. Anajua mahali mjini panapouzwa chasisi iliyotumika, na kazi yake mwenyewe atakubali kulipwa pole pole. Lakini bei ya mzee haikubali.

"Ukilipa laki mbili, daktari, usiambie mtu mimi ni fundi wako."

Mzee anabisha kwa muda mrefu. Anahesabu mabibi harusi waliobebwa na gari hilo, na wagonjwa, na magunia ya mahindi. Anayemaliza mjadala ni Mama Chepkirui: laki moja, na Jebet awajengee ndama banda la mbao na mabati kabla gari halijaguswa.

Jebet anatazama pikipiki yake, kisha anampa mzee mkono.

"Nyumba nitajenga," anasema. "Lakini wateja wakiisha, nitaijenga na nini?"

Anataka gari liwe barabarani kabla ya mvua ndefu, mtungi ukiwa umefungwa imara nyuma. Na likitoka hapa, anasema, hataki kuona ndama hata mmoja ndani yake.

"Na akigonjeka mvua ikinyesha, apelekwe mjini na nini?" Mama Chepkirui anauliza, bila kuinua macho kutoka kwa ndoo.

Jebet anavaa helmeti. Yule ndama aliyekuwa akilamba kiatu amekwisha kupanda garini, anajikunja kwenye nyasi.

"Huyo tutambeba," anasema. "Lakini tutatandika nailoni."