Nyumba ya Mlimani, Kama Ilivyo

Nilimwambia dalali mapema, kabla hajamaliza maji niliyompa: nyumba hii naiuza kama ilivyo. Sipaki rangi, sibadilishi bati, sizibi ufa. Anayeitaka aichukue na nyufa zake, asiyeitaka ashuke polepole asije akaanguka kwenye ngazi zangu. Dalali akacheka, akasema sawa mama. Madalali wote husema sawa mama, halafu wakifika chini wanasema lao.

Nyumba iko mlimani, juu ya Pasiansi, huko ambako gari haifiki. Unaacha barabara, unapita duka la mwisho, halafu unapanda ngazi za mawe mpaka kwangu. Niliijenga mimi. Sisemi nilijengesha, nasema nilijenga. Mchanga niliupandisha kwa kichwa, ndoo kwa ndoo, alfajiri kabla ya kwenda soko la Mwaloni kuuza dagaa. Pale penye sebule palikuwa na jiwe kubwa kama lori. Nililichoma kwa matairi mabovu kutwa nzima, lilipoiva nikalimwagia maji, likapasuka. Vipande vyake ndio msingi. Jiwe la nyuma lilikataa kupasuka, basi nikaliegemezea jiko. Mpaka leo ukuta mmoja wa jiko langu ni jiwe lenyewe. Mvua ikinyesha, maji hutelemka juu ya jiwe hilo mpaka ndani, kwa hiyo chini yake nilichonga mfereji kwa tindo, yanapita hapo na kutokea nje. Mgeni akiyaona anashtuka. Mimi naendelea kupika.

Darasa la tatu sikulimaliza, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Waliomaliza wamepanga nyumba za watu.

Kilichonishinda ni magoti. Ngazi nilizozipanda na mchanga kichwani sasa nazishuka kwa makalio, kama mtoto, nikiwa nimehakikisha hakuna anayeniona. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ana nyumba ndogo Buhongwa. Ni tambarare, gari inafika mlangoni, na alikubali kuniuzia. Alisema atanisubiri mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo anampa mtu mwingine aliyekuwa anaiulizia. Kwa hiyo nisipouza huku, huko sipati, na nitabaki juu ya mlima huu kama mbuzi aliyepanda akasahau njia ya kushukia. Wanunuzi watatu walikuwa wameshakuja, wakahema, wakasifu upepo wa ziwa, wakashukuru, wakashuka. Hawakurudi.

Wa nne alikuwa kijana wa Bukoba, mtu wa ofisini, ana adabu. Alinisalimia shikamoo kabla hajavuta pumzi. Nikamuuliza mwenzake yuko wapi, maana dalali alisema ana mke. Akasema yuko chini dukani, amekaa, hataki kumchosha, ni mjamzito. Halafu akatoa simu, akampigia simu ya picha, akaanza kuitembeza simu nyumbani mwangu ameishika kwa mikono miwili kama amebeba yai. Hapa sebuleni, unaona? Dirisha hilo, unalionaje? Ngoja nikuonyeshe chumbani. Ilipofika zamu yangu akanielekezea ile simu, nikaona uso mdogo, mzuri, umetulia. "Shikamoo mama." Nikasema marahaba, nikaondoka mbele ya simu. Sikupenda kupokea salamu ya mtu aliye chini dukani anakunywa soda.

Kisha yakaanza. Kijana alianza na ngazi: mke wake hataweza kuzipanda bila kitu cha kushikia, angeomba niweke bomba la chuma tangu chini mpaka juu. Mlango wa bafu unakwaruza, mke wake hapendi kelele. Bati la kona linavuja. Na lile jiwe la jikoni, mke wake analiogopa, je, ningeweza kuliziba lote kwa saruji ili maji yasiingie? Kila ombi lilianza na mke wangu, mke wangu. Nikamwambia nyumba inauzwa kama ilivyo, dalali hakukwambia? Dalali akaangalia ziwa.

Wakashuka. Nikasimama mlangoni nikawaangalia kule chini. Kijana alimshika mkewe kiwiko, akamfungulia mlango wa gari, akainama kumuweka mguu vizuri. Kitu kikanipanda kifuani, cha moto. Ulikuwa wivu, siwezi kuuita kitu kingine. Mtu wa umri wangu, nimezika mume, namuonea wivu binti ambaye hata miguu yake sijaiona ikipanda.

Niwe mkweli juu ya marehemu. Alikuwa dereva wa malori, nyumba hii aliikaa kama mgeni wa heshima. Hakunipiga, hakuninyima. Ila hata siku moja hakumwambia mtu yeyote, mke wangu anataka hiki. Fundi akija, aliniambia kaongee naye. Mwenye duka akija, kaongee naye. Nilikuwa naliona hilo kuwa sifa. Nilitembea mtaani kifua mbele kwa sababu yake.

Dalali akanipigia jioni, akasema kijana ameipenda nyumba, tatizo ni yale marekebisho, mama legeza kidogo. Nikamwambia siongei na simu inayotembezwa. Atakayelala humu aje apande kwa miguu yake, aniambie mwenyewe anachotaka.

Binti akaja kweli. Alipanda siku ya pili yake, taratibu, anapumzika kila ngazi zinapokata kona, mume nyuma yake ameweka kiganja mgongoni kwake, dalali nyuma yao. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, sikunyanyuka. Nikampa maji, akanywa, akashukuru kwa mikono miwili. Hakuwa na kiburi, jambo hilo lilinikera zaidi, maana kiburi ningejua la kukifanya.

Nikamuuliza, "Haya binti, wewe unataka nini?"

Akamtazama mumewe.

"Nimekuuliza wewe. Huna mdomo?"

Akacheka, cheko la mtu aliyeshiba. "Ninao, mama. Ila yeye anapenda kunisemea."

Na yule kijana akaanza tena, bomba, mlango, bati, jiwe, huku mkewe anaangalia ziwa kama malkia anayesomewa salamu. Nikasimama. Nikawaambia siuzi. Nikasema kama wanataka nyumba isiyo na jiwe waende wakajenge kwenye uwanja wa mpira. Dalali akasema mama, mama. Nikamwambia na wewe shuka. Walipoondoka nikachemsha chai nikaiacha ikapoa.

Baada ya siku chache shemeji akapiga simu kutoka Buhongwa. Alisema yule mtu mwingine amerudi, amekuja na pesa ya kutanguliza mkononi, na mwezi unakaribia kuisha. Nikamwambia nakuja, nakuja. Nikakata simu nikayaangalia magoti yangu. Hapo nilijua nimefukuza mnunuzi kwa sababu mkewe anapendwa. Kosa la namna hiyo huwezi kumweleza mtu, hata dalali.

Mchana huo mvua ikanyesha, mvua ya kwetu huku, inatoka ziwani kama imetumwa. Nikiwa jikoni nikasikia hodi. Ni yule kijana, peke yake, ameloa mpaka soksi. Akasema alikuwa barabarani, akaona mvua, akaona ni afadhali aje alione jiwe likiwa kazini. Nikamwambia pita, lione.

Alivua viatu, akachuchumaa karibu na jiwe. Maji yalikuwa yanatelemka vizuri, yanaingia mferejini, yanatoka. Akauliza yanatokea wapi. Nikamwonyesha tundu la nyuma, akatoka hukohuko mvuani kuangalia, akarudi anatiririka. Nikamwambia ukiliziba kwa saruji yatatafuta njia nyingine, labda ya kitandani kwako. Akasema ameona. Jiwe halina neno tena, na bati na mlango atarekebisha mwenyewe. Kimebaki kimoja tu, bomba la ngazi.

Nikamwambia silipii bomba la mtu mwingine.

"Sikuombi ulipe, mama. Nitaliweka mimi. Nakuomba ruhusa fundi aanze kabla hujahama, mimba isije ikakua kabla ya kazi."

Kisha akaangalia mlangoni, kule ngazi zinakoanzia, maji yanazishukia, akauliza, "Wewe mama ulikuwa unapandaje miaka yote hii?"

Nikasema kwa miguu. Akatikisa kichwa, akaokota viatu vyake. Nilishukuru hakuuliza zaidi. Nikamwambia amlete dalali kesho, twende kwa mwenyekiti wa mtaa tukaandikishane.

Tuliandikishana mbele ya mwenyekiti na majirani wawili. Nikadai yaandikwe maneno yangu, kama ilivyo, na mwenyekiti akayaandika. Kijana akahesabu pesa, akaweka sahihi, mimi nikaweka jina langu, herufi moja moja, sikutaka kidole gumba. Mkewe hakuja. Alikuwa amepumzika.

Mafundi wa kuchomelea wakaja wiki hiyohiyo. Wakasimika nguzo ngazi kwa ngazi, wakalaza bomba, wakalipaka rangi ya fedha. Niliwapikia ugali na sato, sikuwauliza kitu. Walipoondoka na rangi ilipokauka, nikatoka nje nikalishika. Nikashuka. Nilishuka mpaka dukani nimesimama wima, sikukaa hata mara moja, na mwenye duka akanitazama kama amemwona mtu aliyetoka hospitali. Chuma kile kiliwekwa kwa ajili ya mke wa mtu, mimi ndiye niliyekishika kwanza. Nilikasirika kuona jinsi ilivyo rahisi. Miaka yote ile ilikuwa ni bomba tu. Nilikuwa na pesa ya bomba. Haikunijia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza kama ngazi zinaniumiza, na hata angeniuliza, nisingekubali kwamba zinaniumiza.

Nikaenda Buhongwa kumlipa shemeji kabla mwezi haujaisha. Nyumba yake ni nzuri, lakini mlangoni kuna ngazi mbili za juu, na mlango wa choo unafungukia ndani, ukishaingia huna pa kugeukia. Shemeji alikuwa na haraka, kalamu ameshaishika. Nikamwambia kabla ya kalamu, nataka bomba la kushikia pale mlangoni, na mlango wa choo ufungukie nje.

Akanitazama. "Shemeji, si wewe uliyekuwa unasema kama ilivyo, kama ilivyo? Na mimi nauza kama ilivyo."

"Ile ilikuwa yangu. Hii ni yako mpaka nitakapokulipa. Nataka bomba."

"Tangu lini wewe unaomba vitu?"

Nikamwambia tangu leo. Tukabishana pale uani juani, jirani wa kule akaja akasimama kusikiliza, akamwambia shemeji mpe mama wa watu bomba lake. Mwishowe akakubali bomba, mlango wa choo akaukataa katakata, akasema huo nitaugeuza mwenyewe nikitaka. Tukaandikishana.

Bomba ameshaliweka. Ni fupi, lina kutu kidogo pembeni, linanifaa, kila asubuhi nalishika nikitoka kwenda kwenye jua. Lakini nililiomba kwa mdomo wangu mwenyewe, nimesimama kwenye vumbi, nabishana. Yule binti kule mlimani anashika lake na hakuwahi kusema neno. Hilo bado linaniuma.