Kijana Uliyemuita, Umuchezeshe

Ile Jumapili ya mwisho kabla ya ziwa kufunguliwa kwa uvuvi, mwanangu, inanirudia kichwani kuliko hata siku niliyonunua mota yangu ya kwanza ya mutumbwi. Nilikuwa na miaka thelathini, kifua mbele, na timu ya mupira ilikuwa yangu. Jezi nilinunua mimi. Mipira nilinunua mimi. Kocha nilikuwa mimi, na wachezaji waliniita Prezida, na mimi niliitika.

Hapa Nchelenge wananijua. Nilivuka ziwa hili toka Kongo wakati wa vita na mufuko moja wa nguo, shule niliacha darasa la ine, na leo ukiuliza mitumbwi mikubwa inayopeleka bidhaa kisiwani Chisenga ni ya nani, hata mutoto atakuonyesha nyumba yangu. Sisemi hivi ili unisifu. Kweli, kidogo nasema ili unisifu. Lakini zaidi nataka ujue ni mutu wa namna gani aliyekosea, maana angekosea mujinga nisingekuwa na cha kukuandikia.

Nimesikia wewe pia umepewa timu, na umeita vijana watatu toka visiwani. Basi weka simu kando kidogo.

Unajua namna mupira wetu unavyochezwa. Mwezi wa kumi na mbili ziwa linafungwa ili samaki wazae, nyavu zinaingizwa ndani, na hakuna mwenye ruhusa ya kuvua mpaka mwezi wa tatu. Wavuvi wote wako nchi kavu, kila kambi ina timu, na mashindano ni michezo kumi ndani ya hiyo miezi mitatu tu. Lakini miezi hiyo hiyo ni ya mvula na jembe. Kijana anayekuja kucheza, kuna shamba mahali linalomungoja. Hilo nililijua. Nililisahau kwa kupenda.

Mwaka ule nilisikia habari za kijana moja, Ngoy, anayecheza muguu peku kwenye muchanga wa Chisenga na hakuna anayemushika. Nikaenda mwenyewe na pikipiki mpaka Kafutuma, huku nchi kavu, kwa mama yake, mujane aliyekuja toka Kongo kama mimi. Nilimukuta shambani, matope mpaka magoti.

“Mama, nipe huyu kijana,” nikamuambia. “Kuna mutu wa timu kubwa ya Mansa atakuja kuangalia michezo yetu. Akimuona Ngoy, atamubeba.”

Mama akasimamisha jembe. “Baba, mikono yangu ni hii mbili. Huyu ukimubeba sasa, magugu yatanishinda. Unamubeba akacheze, ao unamubeba akakae?”

“Akacheze, Mama. Neno langu.”

Ngoy alikuwa na miaka kumi na minane. Alifunga viatu vyake kwa kamba ya wavu, akapanda nyuma yangu, na njia nzima aliimba.

Sasa sikia nilichofanya. Mbele nilikuwa na Chola, mushambuliaji mwenye jina, aliyeanza mbele miaka yote, na nilimuogopa kidogo kwa sababu watu walimupenda kuliko mimi. Nikamuweka Ngoy benchi, nikamuambia ajifunze kwanza. Muchezo wa kwanza, benchi. Wa pili, benchi. Wa tatu tulikuwa tumefungwa matatu kwa bila, mvula inanyesha, watu wanaanza kwenda nyumbani, njo nikamuingiza, dakika tano za mwisho. Aligusa mupira mara mbili. Mara ya kwanza aliteleza. Mara ya pili alipoteza.

Nilikuwa nimesimama karibu na Papa Kaumba, muzee aliyecheza zamani kule Lubumbashi, ambaye kazi yake kwetu ilikuwa kushona mipira na kuninyima amani. Nikamuambia, “Umeona? Bado.”

“Nimeona nini?” akasema. “Umemutupa mutoto ndani ya nyumba inayowaka, sasa unauliza mbona hakupika.”

Wachezaji wa benchi wakacheka. Mimi sikucheka.

“Papa, mimi hakuna mutu alinipa nafasi. Nilingoja. Nilibeba magunia miaka sita. Na yeye angoje.”

Papa Kaumba akauliza, “Wale waliokungojesha, uliwapenda?”

Nikageuka kuangalia kiwanja.

“Basi huyu kijana alikukosea nini? Ulipojifunza kuendesha mutumbwi, walikupa mota asubuhi, ziwa limelala, ao walikupa wakati wimbi limeingia ndani na watu wanalia? Mupe michezo mbili nzima, toka mwanzo. Mupe ruhusa ya kuharibu. Kisha njo useme bado.”

Maneno hayo niliyasikia vizuri. Yaliingia, na nikayafungia mulango yasitoke. Maana ukiwa mutu uliyejijenga mwenyewe, mwanangu, unafikiri mateso yako ndiyo shule, na kila mutu lazima asome hapo. Mimi ambaye shule yenyewe iliniacha darasa la ine.

Ikaendelea hivyo. Ngoy aliingia mara tatu ingine, dakika tano, dakika sita, kila mara tukiwa tumeshapoteza. Akikosea pasi, napiga kelele kandokando ya kiwanja, “Ngoy! Unaona sasa!” Mazoezini alikuwa moto, aliwapita wote, na Chola mwenyewe alikuja kuniambia, “Prezida, huyu mudogo muanzishe, mimi goti linaniuma.” Nikafikiri ananijaribu. Kule Kafutuma, nilikuja kujua baadaye, mama yake Ngoy alikuwa anatuma ujumbe kwa watu wa sokoni: Ngoy amecheza? Wakirudisha jibu kwamba bado, anasema sawa.

Tukafika Jumapili ile. Tulicheza na watu wa Chienge, na mutu wa Mansa alikuja kweli, ameketi kwenye kiti cha plastiki na mwavuli wake. Siku chache mbele, ziwa litafunguliwa na kila mutu atarudi kwenye nyavu. Hapakuwa na muchezo mwingine.

Ngoy akanijia kabla ya kuanza. Mikono nyuma, macho chini, kama mutoto wa heshima.

“Prezida, nianzishe leo. Nikiharibu, nitoe. Sitakasirika.”

“Ngoja, kijana. Wakati wako unakuja.”

“Unakuja wakati gani, Prezida? Kesho kutwa tunaingia ziwani.”

Nikamugeuzia mugongo nikajifanya napanga koni za mazoezi.

Chola alichezea goti bovu dakika themanini na tano. Tulikuwa nyuma bao moja. Njo nikamuambia Ngoy avue koti. Na akina mama wa sokoni waliposimama kupiga vigelegele, mimi nilisikia wivu, nakuambia ukweli.

Mara moja tu mupira ulimufikia vizuri. Alimuzunguka beki wa kwanza namna niliyosikia habari zake toka Chisenga, akamuacha wa pili amekaa kwenye maji ya mvula, kipa akateleza, goli likabaki wazi kama mulango wa kanisa. Mutu wa Mansa alikuwa amesimama. Mama wa sokoni walikuwa wamesimama. Na Ngoy, badala ya kupiga, aligeuza kichwa, akaangalia upande wangu. Kisha akatoa pasi nyuma, kwa mutu ambaye hakuwa tayari. Beki akaondoa. Filimbi.

Nilimukimbilia. “Kwa nini hukupiga? Goli lote lilikuwa lako!”

“Nilikuangalia wewe kwanza, Prezida,” akasema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anajibu swali.

Mutu wa Mansa alikunja mwavuli, akanishukuru kwa soda, akaenda. Nilimufuata mpaka kwenye gari. Aliniambia kwa upole: “Ana miguu. Lakini mushambuliaji anayeomba ruhusa, sina pa kumuweka.”

Nilimurudisha Ngoy Kafutuma kesho yake. Mahindi ya mama yake hayakuonekana, magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Mama alitoka, akaniangalia, akaangalia shamba, akaniletea kiti. Hilo la kiti liliniumiza kuliko angenitukana. Mwaka ule walikula muhogo wa kuomba.

Ziwa lilipofungwa tena, nilienda kumuita. Nilienda na viatu vipya, na maneno mazuri, nikaapa mbele ya mama yake kwamba ataanza kila muchezo. Ngoy akasema, “Asante, Prezida. Mutafute mwingine.” Mwaka wa pili akasema vile vile. Mwaka wa tatu sikuenda.

Yupo hai, usifikiri vingine. Anapakia mizigo gatini, ana watoto, ananisalimia. Miaka hii nimemuomba afundishe vijana wadogo, anacheka, anasema hapana. Siku ingine watoto wanacheza pale karibu na maji na mupira unamutelezea mpaka miguuni. Anainua muguu, mupira unapita chini, unaingia ziwani, naye anaendelea na gunia lake. Nimeona hivyo kwa macho yangu, na nikaenda kukaa ndani ya duka langu na mulango nimeufunga muchana.

Niliyoweza kununua nimenunua, mwanangu. Ile michezo kumi siwezi kuirudisha, na sijapata mutu wa kuniuzia.

Basi shauri langu ni hili, na ulichukue hata kama mimi mwenyewe sikulichukua lilipotolewa. Usimuite kijana ambaye hujampangia kiwanja. Muache kwao alime. Ukimuita, muanzishe wakati bado sifuri kwa sifuri na miguu ya wenzake ina nguvu, si wakati nyumba imeungua. Muambie siku, siku yenyewe kwa jina, maana “ngoja” bila siku ni kumudanganya polepole. Akikosea, funga mudomo wako, hata ukiuma ulimi, kwa sababu kelele yako itabaki kichwani mwake siku goli liko wazi. Na kama mateso yako yalikufanya mutu, usiyagawie watoto wa watu. Mimi niliyagawa.

Sijui kama utasikia. Mimi nilikuwa na masikio mazima na Papa Kaumba alikuwa hatua mbili toka kwangu. Lakini Mungu wa mbinguni akutazame, mwanangu. Awape hao vijana wako watatu miguu isiyochoka na mama zao shamba lisilomezwa na magugu. Na wewe akupe ujasiri wa kuwaingiza mapema, ili siku goli litakapofunguka wapige bila kukutafuta kwa macho. Amina.