Glasi Mbili Barazani

Wiki iliyopita dalali mmoja wa Lindi alinipigia simu. Alinisalimia kwa adabu, kisha akaanza kuniuliza habari za nyumba yetu ya mtaa wa Ndoro kama daktari anavyomuuliza mgonjwa. Ina vyumba vingapi? Paa bado ni lile bati la zamani? Hati ipo? Anasema bei zinapanda tena, watu wanawahi kununua kabla mradi wa gesi haujafika. Nilimjibu moja moja bila shida. Kisha akauliza, "Na kisima, mama? Maji yake yakoje?" Hapo nikanyamaza, mpaka akadhani simu imekatika.

Ngoja nikueleze kwa nini. Itabidi nianzie mbali kidogo, maana usipojua mji ulivyokuwa hutaelewa nilichokifanya.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, na serikali ilikuwa imeamua kulima karanga huko Nachingwea, mashamba ambayo waliotoka huko walisema hayana mwisho. Mashine na watu walipitia Lindi. Malori yalipita mtaani kwetu kutwa nzima, na kila yalipopita vikombe vya bibi vililia kabatini. Wageni walitaka pa kulala: makarani, mafundi, madereva, wapishi. Hapo ndipo nilipojifunza jinsi bei ya nyumba inavyokwenda, nami nakueleza kama nilivyoiona. Nyumba yenyewe haibadiliki. Kuta ni zile zile na mlango ni ule ule. Kinachobadilika ni wingi wa watu walio nje wanaotaka kuingia. Jirani yetu muuza maandazi alipangisha chumba cha mbele, kisha ukumbi, kisha jiko, mwisho akawa anakaangia maandazi uani chini ya kipande cha turubai. Alikuwa akicheka na kusema sasa yeye ni mpangaji wa kuku wake.

Si wote waliocheka. Mwalimu wetu wa chuoni, aliyetufundisha Kurani, alipandishiwa kodi mara mbili kabla ya Ramadhani. Asubuhi moja niliona vitanda vyake vimebebwa kichwani na wanawe kuelekea nje ya mji, na mkewe nyuma ameshika taa ya chemni kwa mikono miwili isivunjike. Kumbe watu wanaweza kutolewa ndani ya nyumba bila ya kugombana na mtu.

Ndipo babu akafariki. Alituachia nyumba hiyo ya Ndoro tuliyokaa naye sote, ya mawe na chokaa, karibu na bandari, na uani mlikuwa na kisima. Visima vya mtaa ule karibu vyote vilikuwa na maji ya chumvi. Chetu kilikuwa na maji matamu, na majirani walikuja kuteka. Bibi alikuwa na msemo wake, akiusema huku anajaza mtungi: "Nyumba hii ni maji. Hizo nyingine ni kuta tu."

Warithi walikuwa bibi mwenyewe, baba, baba mdogo, na shangazi aliyeolewa mbali, Kinjumbi. Nyumba moja haigawanyiki kwa watu wanne, kwa hiyo baba mdogo alitaka iuzwe upesi, bei ikiwa bado juu. Fungu lake angelitia kwenye lori pamoja na rafiki yake, wabebe mizigo ya karanga. Hakuwa mtu mbaya, naomba unielewe. Alikuwa kijana mwenye hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Sisi tungepanga vyumba viwili mtaa wa Mtanda, na bibi angepelekwa Kinjumbi kwa shangazi. Walipozungumza hayo mimi nilikuwa nakuna nazi, na siku hiyo nilijikuna kidole badala ya nazi.

Kitu kimoja tu kiliwazuia: bibi alikuwa amekaa eda. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura, hajipaki manukato, na kwetu haonani na wanaume wasio maharimu wake, wale wanaoweza kumwoa. Basi hapakuwa na mnunuzi aliyeweza kuvuka kizingiti chetu kuangalia vyumba. Lakini bei hazikai eda. Kila siku baba mdogo alirudi na habari za nyumba iliyouzwa, kila moja ghali kuliko ya jana, na kila siku alizidi kukonda kwa wasiwasi.

Zilipobaki siku kama arobaini, alishindwa kungoja. Akamleta tajiri wa duka la vitambaa, Mhindi ambaye jamaa zake walikuwa Lindi tangu kabla ya Wajerumani, pamoja na dalali wake. Wakaketi barazani. Kwa kuwa hawakuweza kuingia, mimi ndiye niliyekuwa macho yao. Nilipewa kamba yenye mafundo, nikapima vyumba kimoja kimoja, nikawa natoka kusema idadi ya mafundo. Bibi alikuwa ameketi kitandani na nguo zake nyeupe, akinitazama ninavyonyoosha kamba kando ya ukuta wake. Alinyanyua miguu tu ili kamba ipite.

"Nje ni nzuri," nilimsikia tajiri akisema.

"Ndani ni nzuri zaidi," akajibu dalali. "Mimi mwenyewe sijaingia, lakini ukinusa huo mchuzi wa papa unajua chumba kilivyo."

"Mchuzi siununui, bwana. Nasikia kuna kisima. Binti, niletee maji ninywe."

Nilikwenda kisimani, nikateka, nikajaza glasi. Maji yalikuwa baridi na meupe. Karibu na jiko kulikuwa na kifuu cha chumvi. Sikupanga, na sitakudanganya kwamba nilifikiri sana. Nilimwona bibi yangu juu ya lori la kwenda Kinjumbi, basi. Nikatia chumvi, nikakoroga kwa kidole, nikatoka.

Tajiri akaonja. Hakutema, alikuwa mtu wa heshima. Aliiweka glasi chini polepole. Dalali akaichukua, naye akaonja, akamgeukia baba mdogo.

"Sheikh, bahari imeingia uani kwenu lini?"

Baba mdogo akaonja pia. Aliitazama glasi, akanitazama mimi, kisha akaingia ndani mwenyewe. Akarudi na glasi ya pili aliyoteka kwa mkono wake. Tajiri akainywa yote, akazitazama glasi zote mbili, akatabasamu kidogo.

"Nyumba moja, kisima kimoja, maji mawili," akasema. "Ndugu yangu, sisemi nani kafanya nini. Nitangoja mama amalize eda, niingie nichote mwenyewe. Siku arobaini si nyingi."

Walipoondoka nilingoja nipigwe. Baba mdogo alikusanya glasi, akazipeleka jikoni, akatoka zake. Bibi alinishika mkono, akavinusa vidole vyangu kana kwamba ananusa samaki, akaniambia, "Nenda kanawe."

Siku zile arobaini sikulala vizuri. Nilijua kwamba zikiisha tajiri atakuja, atateka, atakunywa, na sisi tutahama. Kila asubuhi nilionja maji, nikitumaini yamebadilika. Yalikuwa matamu tu.

Lakini kabla siku hazijatimia, habari zikaenea mjini: bandari kubwa itajengwa Mtwara, si Lindi, na mizigo ya karanga itapitia huko. Kwanza watu walibisha. Kisha makarani wakaanza kufunga masanduku. Chumba cha mbele cha muuza maandazi kikabaki wazi, halafu ukumbi, naye akarudi kukaangia jikoni kwake, safari hii bila mzaha. Ukitaka kujua bei zinavyoshuka, ni hivyo: kwanza unasikia kimya. Vikombe vya bibi viliacha kulia kabatini.

Siku ya mwisho ya eda bibi aliogea maji ya kisima, akavaa nguo mpya, akafukiza udi nyumba nzima. Tulifagia baraza, tukangoja. Tajiri alimtuma kijana wa dukani na salamu nzuri na kitambaa cha nguo kwa bibi. Habari za nyumba hakuzitaja.

Basi tukabaki. Bibi aliishi pale mpaka alipofariki. Baba mdogo alikwenda Mtwara kubeba saruji bandarini, na lori hakupata kulinunua maishani. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee mwenye mgongo ulioinama, nilimweleza habari ya chumvi. Nililia. Yeye akasema, "Niliziona chembe chini ya glasi, mwanangu. Sasa ulitaka nimwambie mgeni kwamba mtoto wetu ni mwongo?"

Wote wale wameondoka. Malori, kitanda cha bibi, jirani na turubai lake, yule tajiri na duka lake. Mara ya mwisho nilipokwenda Ndoro nilishusha ndoo kisimani, nikaonja. Maji yalikuwa ya chumvi. Bahari imesogea, wanasema, au visima vilivyochimbwa huko juu mlimani vimeyavuta yale matamu. Nilisimama uani na ndoo mkononi, nikaona haya kama siku ile ya glasi mbili.

Kwa hiyo yule dalali wa simu aliponiuliza, ilinichukua muda. Mwisho nikamwambia, "Yana chumvi, mwanangu."

"Haidhuru, mama," akasema. "Siku hizi kuna bomba. Kisima tutakifukia."