Uji Uliogeuka Kijani

Nakumbuka asubuhi moja kule Dundori, miaka ya hamsini, mwanangu, nilipomwita wifi yangu muuaji kwa sababu ya uji. Usicheke, ngoja nimalize.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu, mimi na mume wangu, mama mkwe, na wifi yangu Nyambura. Nilikuwa nimechuma msituni yale matunda meusi ya kichaka cha miiba, nikayakamulia kwenye uji wa Kamau, kifungua mimba wangu. Ukawa mwekundu, unapendeza macho. Nikamwachia Nyambura jiko, nikaenda kuteka maji. Kurudi, namkuta analisha mtoto uji wa kijani. Kijani kama majani ya viazi!

Nikampokonya bakuli, nikapiga mayowe mpaka majirani wakajaa mlangoni.

"Huyu amekosa mtoto, sasa anataka kuniulia wangu!"

Ndivyo nilivyosema, Mungu anisamehe. Nyambura alichukua lile bakuli mikononi mwangu, akanywa uji wote tukimtazama.

Mama mkwe ndiye aliyekumbuka kuuliza. "Nyambura, ulitia nini humu?"

"Magadi kidogo tu, mama. Ulikuwa mchachu, mtoto akawa anakunja uso."

Mama akaponda matunda yaliyobaki, akatia magadi. Maji mekundu yakawa ya samawati, kisha kijani. Akakamulia limau, wekundu ukarudi. Nilisimama pale nimeduwaa. Kusema kweli mpaka leo sijaelewa sawasawa, ingawa mjukuu wangu aliyesoma amenieleza mara mbili, na mara zote mbili nimeitikia tu.

Niliomba msamaha siku hiyo hiyo. "Yameisha, Mama Kamau," Nyambura akaniambia. Nilipojifungua tena alikuja, akanipikia na kunifulia mwezi mzima. Lakini kila nilipomnyooshea mtoto, alisema mikono yake ina kazi. Mpaka anazeeka hakubeba mtoto wangu hata mmoja. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kwa hivyo, mwanangu, ukiona jambo usilolielewa, sema huelewi. Uliza kwanza, tena uulize polepole, kabla hujamtafuta wa kulaumu. Mimi nilianza na kelele.

Mungu akupe ulimi mpole, na watoto wako wasikose mikono ya kuwapokea.